Kasi ya RAM kwa Seva ya Kazi: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Bajeti Ndogo

Miaka michache iliyopita SACCOS moja hapa Nkuhungu, Dodoma, ilinikabidhi fedha niwaongezee RAM kwenye seva yao. Ilikuwa seva ya mtumba, yenye prosesa moja ya Intel, Xeon E5-2620 v4, na RAM mbili za GB 16. Nikapanda basi hadi Kariakoo. Muuzaji akanipangia mezani RAM za 2133, za 2400 na za 2933; namba hizo ni kasi, yaani mara milioni ngapi RAM inahamisha data kwa sekunde. Nikachukua mbili za 2933, ghali kuliko zote, nikiamini nawatendea wema wanachama. Niliporudi nikazifunga, nikawasha, nikauliza mfumo zinafanya kazi kwa kasi gani. Jibu likaja: 2133.

Meneja wao, mama mtu mzima ambaye si mtu wa kompyuta lakini hesabu anazijua, akasogelea skrini.

"Mwanangu, hii 2933 ndiyo tuliyolipia?"

"Ndiyo, mama."

"Na hii 2133 ndiyo tuliyopata?"

"Ndiyo, mama."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hizi ni fedha za wanachama." Sikuwa na la kujibu. Chenji ambayo ningebaki nayo kwa kununua za 2133 ingetosha RAM moja ya akiba na betri mpya ya UPS.

Mwongozo huu ni kwa anayetunza seva za watu wengine na bajeti anaihesabu kwa laki: ya zahanati, ya shule, ya SACCOS, ya ofisi ndogo zilizochipua Kisasa, Ilazo na kuelekea Mtumba tangu Serikali ihamie huku. Msimamo wangu ni huu: kwenye seva ya kazi, kasi ya RAM ni jambo la mwisho kulipiwa. Kwanza ukubwa unaotosha, halafu aina sahihi yenye kujirekebisha, halafu chaneli zote, yaani njia kati ya RAM na prosesa, zijazwe. Kasi inafuata prosesa, na kila unapokuwa na shaka unaishusha, huipandishi.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba tatizo ni RAM

Kabla ya kutaja kasi, ingia kwenye seva wakati wa pilika, si usiku ikiwa imelala. Kwenye Linux andika `free -h` uangalie safu ya "available". Kisha andika `vmstat 1` uiache dakika chache huku ukitazama safu mbili, `si` na `so`. Hizo zinaonyesha data inayohamishwa kati ya RAM na diski kwa sababu RAM imejaa. Zikikaa kwenye sifuri, RAM haijajaa hadi kumwagikia diski. Zikiruka mfululizo, unahitaji ukubwa zaidi, na kasi haitakusaidia kitu.

Sababu yake ni tofauti ya muda. Prosesa ikihitaji data iliyoko kwenye RAM, huipata ndani ya nanosekunde 100 hivi. Data hiyo ikiwa kwenye SSD, inasubiri kiasi cha mikrosekunde 100, yaani mara elfu moja zaidi. Kwenye diski ya kuzunguka inasubiri milisekunde kadhaa. Sasa linganisha na unachopata kwa kutoka RAM ya 2133 kwenda ya 2400: upana wa njia, yaani wingi wa data inayopita kwa sekunde, unaongezeka kwa asilimia 12.5 kwenye karatasi, na kwenye kazi za kawaida za databesi na tovuti mtumiaji aliye kaunta hasikii tofauti yoyote. Kwa hiyo databesi ya GB 40 kwenye seva yenye GB 32 inaponywa na RAM nyingine ya polepole, haiponywi na RAM ileile iliyo kasi.

Hatua ya 2: Jua dari ya prosesa yako

Kila prosesa ina kasi ya juu kabisa ya RAM inayoikubali. Ukifunga RAM yenye kasi zaidi, inashushwa hadi hapo. Wauzaji wengi hawakuambii hili, na wengine hawalijui.

Kwenye seva za mtumba zinazozunguka sana hapa kwetu, picha iko hivi. Xeon E5 v3 (v ni kizazi) zinaishia 2133, na v4 zinaishia 2400. Lakini hiyo ni kwa zile za juu: E5-2680 v4 inafika 2400, ilhali E5-2620 v4 na E5-2630 v4 zinaishia 2133, na E5-2620 v3 inaishia 1866. Hapo ndipo nilipoteleza mimi. Nilisoma kizazi, sikusoma namba kamili ya prosesa. Kizazi cha kwanza cha Xeon Scalable kinaishia 2666 na cha pili 2933, na humo nako Silver 4110 na 4210 zinaishia 2400. EPYC, prosesa za seva za AMD, za mfululizo wa 7001 zinafika 2666, na za 7002 zinafika 3200.

Andika `lscpu` upate jina la prosesa, kisha litafute kwenye ukurasa wa mtengenezaji wake, kwenye mstari wa aina za memori. Namba utakayoikuta hapo ndiyo bajeti yako ya kasi. Kila shilingi inayolipwa juu ya namba hiyo inakaa kwenye lebo tu.

Kuna hali moja ya kununua RAM ya kasi zaidi kuliko dari: ikiwa bei ni sawa au ni nafuu zaidi, na mwongozo wa seva yako unaikubali. RAM ya 2400 kwenye prosesa ya 2133 inashuka bila ugomvi. Ila ukichanganya na zilizomo, zote zitafuata ya polepole kuliko zote.

Hatua ya 3: Namba kubwa haina maana kwamba jibu linakuja haraka

Watu wanadhani RAM ya 2933 inajibu mapema kuliko ya 2133. Piga hesabu mwenyewe: chukua namba ya CL (mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data), zidisha kwa 2000, gawanya kwa kasi. RAM ya 2133 yenye CL15 inatoa nanosekunde 14.06. Ya 2400 yenye CL17 inatoa 14.17. Ya 2933 yenye CL21 inatoa 14.32. Ya 3200 yenye CL22 inatoa 13.75. Muda wa kusubiri ni karibu uleule. Kinachoongezeka ni wingi wa data inayopita baada ya mlango kufunguka.

Wingi huo una wenyewe. Anayeendesha modeli ya lugha ya akili mnemba kwenye prosesa bila kadi ya grafiki ataona faida, kwa kuwa kila neno linalotoka linalazimu modeli karibu nzima isomwe upya kutoka kwenye RAM. Vivyo hivyo kwa hesabu za kisayansi, mfano mifumo ya hali ya hewa, na kwa seva iliyobeba mashine pepe nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja. Mwanafunzi wa UDOM anayefanya kazi hizo ana haki ya kuulizia kasi. Mfumo wa malipo ya ada, rekodi za wagonjwa, barua pepe na mafaili ya ofisi havimo kwenye kundi hilo. Mtandao wa ofisi wa gigabiti 1 unapitisha MB 125 kwa sekunde, na RAM moja tu ya 2133 inapitisha zaidi ya MB 17,000.

Hatua ya 4: Jaza chaneli kabla ya kununua kasi

Hapa ndipo penye kasi ya bure. Prosesa ya E5 ina chaneli nne za memori, na kila chaneli ni njia inayojitegemea. RAM moja ya GB 64 inatumia njia moja. RAM nne za GB 16 zinatumia zote nne. Kwa 2133, RAM moja inakupa kama GB 17 kwa sekunde, na nne zinakupa GB 68. Hata 2933, kama prosesa ingeikubali, RAM moja isingevuka GB 24.

Kwa hiyo ukiwa na prosesa moja ya E5, nunua kwa nne. Ukiwa na prosesa mbili, kila moja ina chaneli zake, kwa hiyo fikiria nane na ugawe sawa pande zote. Xeon Scalable za vizazi viwili vya kwanza zina chaneli sita kwa prosesa, na EPYC za 7001 na 7002 zina nane. Mpangilio wa sloti umechorwa ndani ya kifuniko cha seva nyingi. Sloti za kuanza kujaza mara nyingi huwa na vishikizo vyeupe, lakini fuata mchoro kuliko rangi.

Angalia pia upande wa pili. Seva zenye sloti tatu kwa kila chaneli hushusha kasi zenyewe ukijaza hadi sloti ya tatu, kwa sababu mzigo wa umeme kwenye njia unakuwa mkubwa. Hilo lisikutishe. Kama unahitaji ukubwa huo, jaza na upokee kasi itakayopatikana.

Hatua ya 5: Usibane bajeti kwenye ECC

RAM ya kawaida inabeba biti 64 za data. RAM yenye ECC inabeba 72, na zile nane za ziada zinairuhusu prosesa kurekebisha biti moja iliyogeuka na kugundua zikiwa mbili. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa 2009 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipata angalau kosa moja lililorekebishwa ndani ya mwaka. Kosa kama hilo kwenye mashine isiyo na ECC linaweza kupita kimya. Salio la mwanachama linabadilika, nakala rudufu inabeba salio bovu usiku uleule, na hakuna anayejua hadi mwanachama aje na kitabu chake.

Ofisi nyingi hapa mjini zinatumia kompyuta ya mezani kama seva. Kama ndiyo hali yako na huwezi kubadilisha, basi fanya jambo moja leo: ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya mfumo kuwaka) uzime XMP. XMP ni kuisukuma RAM kupita kasi ya kawaida ya kiwanda, na kwenye RAM za kizazi cha DDR4 mara nyingi inapandisha umeme kutoka volti 1.2 hadi 1.35. Kwa anayecheza gemu, kuganda mara moja kwa wiki ni kero ndogo. Kwa mfumo wa wagonjwa si hivyo.

Kwenye seva kamili kuna aina zisizochanganyika: UDIMM (ya kawaida), RDIMM (yenye chipu ya kupokea na kupitisha amri) na LRDIMM (inayopitisha hata data kwenye chipu za namna hiyo). Seva nyingi za Xeon za mtumba zinataka RDIMM. Fungua iliyomo ndani, piga picha ya lebo, nunua ya aina ileile.

Hatua ya 6: Soma lebo ukiwa dukani

Lebo ya RAM ya seva inasomeka mfano hivi:

`16GB 2Rx4 PC4-2400T-RB1-11`

16GB ni ukubwa. 2R ni safu mbili za chipu. x4 ni upana wa kila chipu. Bei ikiwa sawa chukua x4 kuliko x8, kwa kuwa seva nyingi zikiwa na x4 zinaweza kuvumilia hata chipu nzima ikifa. PC4 ni DDR4. 2400 ndiyo kasi, na herufi ya T inaelezea muda wa kusubiri: 2133 huja na P, 2400 na T, 2666 na V, 2933 na Y, 3200 na AA. Herufi inayofuata baada ya alama ya kistari ndiyo ya kuikazia macho: R ni RDIMM, L ni LRDIMM, E ni UDIMM yenye ECC, na U ni UDIMM isiyo na ECC.

Wakati mwingine utakuta PC4-19200 au PC4-17000. Muuzaji anaweza kukuambia, "Bosi, hii ni kubwa zaidi, elfu kumi na tisa." Ni RAM ya 2400 ileile. Gawanya kwa 8 utaipata: 19,200 kwa 8 ni 2400. Namba hiyo kubwa ni MB kwa sekunde.

Nunua zote za mtengenezaji mmoja na namba moja ya bidhaa, na ongeza moja ya akiba. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye memori za mitambo ya akili mnemba, kwa hiyo najua akiba inauma. Bado naisisitiza. SGR imefupisha safari ya Dar es Salaam tangu 2024, lakini RAM ikifa Ijumaa jioni, akiba iliyo kabatini inaiwasha ofisi usiku huohuo.

Hatua ya 7: Kufunga, katika vumbi na hewa kavu ya Dodoma

Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya hapa ni kavu na upepo haulali. Hewa ya namna hiyo inakusanya umeme tuli mwilini, hasa ukiwa na sweta au umekaa kwenye kiti cha plastiki. Unaweza kuiua RAM bila kuhisi chochote kidoleni, au vibaya zaidi, kuijeruhi tu, ikaanza kutoa makosa baada ya miezi mitatu. Vaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na chuma cha seva. Kama huna, gusa chuma tupu cha boksi la seva kila mara kabla ya kuinua RAM, na ishike kwa kingo.

Puliza vumbi nje ya jengo, si ndani ya chumba cha seva. Mafundi wengi husugua meno ya dhahabu ya RAM kwa kifutio cha penseli. Naomba tuache. Kifutio kinakwangua dhahabu na kinazalisha umeme tuli. Tumia spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi.

Hatua ya 8: Panga kasi kwenye BIOS, kisha thibitisha

Iache BIOS ichague yenyewe kwanza. Ikishawaka, andika:

`sudo dmidecode -t memory`

Kwa kila RAM tazama mistari hii. "Speed" ni kasi iliyo kwenye lebo. "Configured Memory Speed" ni kasi inayotumika kweli. "Total Width" ikisema biti 72 na "Data Width" 64, RAM yenyewe ina ECC. Juu kidogo, "Error Correction Type" inaonyesha kama bodi nayo imeiwasha.

Ukiwa na mchanganyiko wa RAM za watengenezaji tofauti, shusha ngazi moja kwa mkono: kama imechagua 2400, weka 2133. Seva za Dell na HPE zina sehemu ya kuchagua kasi ya memori kwenye BIOS. Utapoteza kama asilimia 11 ya upana wa njia, na utapata nafasi ya kupumua kwenye mawimbi ya umeme yanayopita kati ya RAM na prosesa.

Hatua ya 9: Jaribu kama mtu asiyeamini

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, maana mteja anataka seva yake leo. Omba siku mbili. Mweleze kwa nini.

Anza na Memtest86+ kutoka kwenye flashi, usiku mzima, mizunguko isiyopungua minne. Kosa moja tu linatosha kuikataa RAM. Usijiambie kwamba ni moja kati ya mabilioni. Asubuhi ingia Linux uendeshe `stressapptest` saa kadhaa, na uhakikishe saa nane mchana inaikuta bado kazini. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto kali hapa, na chumba kisicho na kiyoyozi kinapanda. Chipu ya RAM ikivuka nyuzi 85 inalazimika kujihuisha mara mbili zaidi ili isisahau data, hivyo inapunguza nafasi ya kazi. Ulize joto lililomo kabla lenyewe halijakuuliza wewe.

Kumbuka kwamba ECC inaweza kurekebisha kosa kimyakimya na jaribio likaonekana safi. Kwa hiyo soma logi ya seva yenyewe, kwenye iDRAC (kwa Dell) au iLO (kwa HPE), mara tu baada ya jaribio.

Halafu jaribio ambalo sijaona likiandikwa sana, na kwetu ni la lazima: kuwasha kutoka baridi. Kila seva inapowaka upya, prosesa inapima na kurekebisha mawasiliano yake na kila RAM. Mseto ulio ukingoni unaweza kufaulu seva ikiwa na joto na kushindwa ikiwa imepoa. Umeme ukikatika usiku na UPS ikaisha, asubuhi seva inawaka ikiwa baridi, na wewe uko kitandani. Kwa hiyo chomoa waya wa umeme, subiri dakika kumi, chomeka, washa. Rudia mara tano. Kila mara `dmidecode` ionyeshe RAM zote na kasi ileile. Ikipotea moja hata mara moja, shusha kasi ngazi moja uanze upya.

Hatua ya 10: Endelea kuitazama

Funga `rasdaemon`, programu inayorekodi makosa ya memori, uiwashe ianze yenyewe. Kila Jumatatu andika `ras-mc-ctl --summary`. Kosa moja lililorekebishwa kwa miezi sita si la kukukosesha usingizi. Makosa yanayorudi kwenye sloti ileile ni onyo. Zima seva, hamisha RAM hiyo kwenye sloti nyingine, usubiri. Kosa likihama na RAM, RAM ndiyo mbovu, weka ya akiba. Likibaki kwenye sloti, angalia vumbi, kisha pini za soketi ya prosesa.

Mwisho, andika kwenye karatasi na uibandike ndani ya kifuniko: tarehe, namba ya bidhaa ya kila RAM, sloti yake, kasi iliyopangwa na matokeo ya jaribio. Atakayefungua baada yako anaweza asiwe wewe. Karatasi ya ile seva ya Nkuhungu ina mistari minne ya RAM, kila mmoja umeandikwa 2133, na chini yake yule mama meneja ameongeza kwa kalamu yake mahali ilipo RAM ya akiba: kabati la chuma, droo ya pili, ndani ya mfuko wa rangi ya fedha.